Neno la Shambani Lililorushwa Hewani: Maana na Asili ya "Broadcast"

Kiingereza kina maneno mengi ya kutawanya, na kila moja lina kazi yake. "Strew" ni kutandaza ovyo juu ya sakafu au njia. Ni ndugu wa neno la Kiingereza la mabua makavu ya ngano, kwa sababu zamani nyumba nyingi za Ulaya zilitandikwa mabua hayo sakafuni. "Sprinkle" ni kunyunyiza, yawe maji au chumvi. "Spread" ni kueneza, kukunjua au kupaka. "Scatter" ni kufanya vitu vitawanyike kila upande, kama kuku waliovamiwa na mbwa. Ndani ya ukoo huu limo neno moja ambalo wasemaji wake wenyewe karibu wamesahau kwamba ni la kutawanya: "broadcast". Mtu wa leo, awe London au Nairobi, akilisikia hufikiria redio na televisheni. Mkulima wa ngano wa Uingereza wa mwaka 1800 angefikiria kiganja kilichojaa mbegu.

Maneno huhama fani kila siku, na hilo peke yake halihitaji makala. Linalohitaji kuchambuliwa ni nyakati ambazo neno hili lilizaliwa na kuhama. Lilipata nguvu shambani pale pale ambapo kutawanya mbegu kwa mkono kulianza kuonekana ni ufujaji. Lilipanda hewani pale ambapo mafundi wa mawimbi walikuwa bado wanapambana ili sauti zao zisitawanyike. Mara zote mbili lilitaja tendo lile lile: kutoa kitu bila kumchagua atakayekipata. Hoja ya makala hii ni kwamba tendo hilo ndilo kiini cha maana yake, na kwamba thamani ya neno, shambani na hewani, imepanda na kushuka kulingana na jinsi watu walivyokuona huko kutokuchagua, kasoro au wema.

Sehemu mbili, historia mbili

Neno limeundwa kwa vipande viwili. "Broad", yaani pana, ni la Kiingereza cha kale na lina ndugu zake katika Kijerumani. "Cast", yaani kutupa au kurusha, lilikuja na wageni. Waviking kutoka Skandinavia waliposhambulia na kisha kukaa kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9, walileta kitenzi "kasta". Kufikia mwanzoni mwa karne ya 13 kilikuwa kimeingia katika maandishi ya Kiingereza, kikamsukuma kando mwenyeji wake, "weorpan", kitenzi cha asili cha kutupa.

Mwenyeji huyo hakufa. Yupo hadi leo kama "warp", lakini maana yake sasa ni kupinda au kujikunja, kama ubao ulioloa maji. Wakati huohuo "throw", ambalo zamani lilimaanisha kusokota na kuzungusha, ndilo leo neno la kawaida la kutupa. Yaani la kutupa likawa la kupinda, na la kusokota likawa la kutupa. "Cast" naye aliposukumwa na "throw" alijificha katika shughuli maalumu: kutupa nyavu, kupiga kura, kumimina chuma katika kalibu, kugawa nafasi za waigizaji, kufunga plasta kwenye mguu uliovunjika. Kutupa mbegu ilikuwa mojawapo ya shughuli hizo.

Kwa hiyo "broadcast" halisi ni "iliyotupwa kwa upana". Lilianza kutumika kama kivumishi na kielezi cha wakulima katika karne ya 18. Mbegu ilipandwa "broadcast", kinyume cha kupandwa kwa mistari. Kitenzi kilifuata mwanzoni mwa karne ya 19. Maana ya mafumbo, ya kueneza habari au uvumi kila mahali, nayo ilijitokeza mapema, miaka mingi kabla ya redio. Aliyelalamika kwamba jirani yake anatawanya siri zake kijiji kizima aliweza kulitumia neno hili bila kungoja mtambo wowote.

Kwa nini shamba lilihitaji jina hili

Binadamu alikuwa ametawanya mbegu kwa maelfu ya miaka. Mpanzi wa Ulaya alitembea na kikapu au shuka iliyofungwa begani, akichota na kurusha kwa mwendo uliopatana na hatua zake, ili mbegu ziangukie sawasawa. Nyuma yake likaja haro la kukokotwa na mnyama kuzifukia, kama ndege hawakuwahi. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa. Hata hivyo haikuwa na jina la pekee. Iliitwa kupanda tu.

Jina linakuja pale kitu kinapopata mpinzani. Hakuna aliyesema "simu ya mezani" mpaka simu ya mkononi ilipofika. Mpinzani wa kutawanya alikuwa mashine ya kupandia kwa mistari, na mtu anayehusishwa nayo Uingereza ni Jethro Tull, mkulima wa Berkshire aliyesomea sheria. Yapata mwaka 1701 alitengeneza mashine ya kukokotwa na farasi iliyodondosha mbegu katika vifereji, kwa kina kimoja na nafasi zinazolingana. Mwaka 1731 alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu kilimo cha kupalilia kwa jembe la farasi. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: mbegu ya kutupwa nyingi hupotea, iliyobaki huota kwa msongamano hapa na upara pale, na palizi ya mashine haiwezekani kwa sababu hakuna mstari wa kupita.

Mjadala ukapamba moto katika nusu ya pili ya karne hiyo. Waandishi wa kilimo, Arthur Young akiwa miongoni mwao, walilinganisha mazao ya mashamba yaliyopandwa kwa mashine na yale ya kutawanya. Katika mabishano hayo ndipo "broadcast" lilipostawi, kwa kuwa kila upande ulihitaji jina la ule mwingine. Hivyo neno lilianza maisha yake likiwa limebeba lawama: njia ya zamani, rahisi, ya kifujaji.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua mjadala huu bila kusoma historia ya Uingereza. Bibi shamba na bwana shamba wamekuwa wakihimiza kupanda kwa mistari, hasa mpunga na ufuta, huku wakulima wengi wakiendelea kumwaga mbegu kwa mkono kwa sababu kazi inakwisha haraka na vibarua hawapatikani. Kiswahili kina kitenzi chake cha tendo hili, "kusia", ambacho siku hizi husikika zaidi kwenye habari za vitalu. Mahindi hatuyasii, tunachimba shimo, tunatia mbegu mbili au tatu, tunafukia. Ndiyo maana ule mfano wa mpanzi katika Injili humpa taabu kidogo msikilizaji aliyekulia kwenye mahindi: mkulima gani huyu anayeiacha mbegu ianguke njiani, kwenye mwamba na kwenye miiba? Jibu ni kwamba alikuwa akitawanya. Mfano mzima unasimama juu ya mbinu hiyo.

Kutawanya kwa kupanda, kutawanya kwa kuvunja

Hapa inafaa kuutazama ukoo wa maneno kwa upana zaidi, kwa sababu lugha za Ulaya zina njia mbili za kuufikiria mtawanyiko. Ya kwanza ni ya kuvunja. "Scatter" linafikiriwa kuwa pacha wa "shatter", kuvunja vipande vipande. Tofauti ya "sk" na "sh" inafanana na ile inayotenganisha "skirt" na "shirt", pacha wengine ambao mmoja ana sauti ya Skandinavia na mwingine ya Kiingereza. Moja ya nyakati za kwanza "scatter" kuandikwa ni katika kumbukumbu za watawa wa Peterborough za karne ya 12, wanaposimulia jinsi Mfalme Stefano wa Uingereza alivyoifuja hazina aliyorithi. Mtawanyiko wa namna hii ni hasara. Kilichokuwa kimoja kimesambaratika.

Njia ya pili ni ya kupanda. Kilatini kina "semen", mbegu, na humo limetoka "seminarium", kitalu cha miche. Seminari tunayoijua kama shule ya mapadri, na semina tunayoijua kwa posho na chai ya saa nne, zote ni vitalu kwa asili. Kutoka mzizi huohuo Kiingereza kikapata "disseminate", kueneza mafunzo au taarifa. Kigiriki nacho kina "speirein", kupanda kwa kutawanya. Neno la mpanzi katika Injili ya Kigiriki linatokana na kitenzi hicho, na ndicho kilichozaa "diaspora", lililotumika katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Maandiko ya Kiebrania kwa kutawanyika kwa Wayahudi kati ya mataifa.

"Diaspora" linastahili kuangaliwa kwa sababu linaziunganisha njia zote mbili. Katika Maandiko mtawanyiko huo ni adhabu, lakini kitenzi chake ni cha mkulima, na cha mkulima hubeba tumaini la mavuno. Leo Kiswahili kimelipokea neno hilo lilivyo. Serikali za Tanzania na Kenya huzungumza na diaspora zao kuhusu uwekezaji na fedha wanazotuma nyumbani, na hakuna anayesikia ndani yake kilio cha uhamisho. Maana ya kupanda imeishinda ya kuvunjika. "Broadcast" lipo upande huu wa kupanda tangu mwanzo: mwenye kutawanya ana kusudi, anajua kwamba baadhi itapotea, na anatarajia kuvuna.

Kasoro ya mawimbi

Mwishoni mwa karne ya 19 Heinrich Hertz alithibitisha huko Karlsruhe kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo. Mwaka 1896 Guglielmo Marconi aliomba hataza Uingereza ya kuyatumia kupeleka ujumbe, na baadaye akatangaza kwamba tarehe 12 Desemba 1901 ishara kutoka Poldhu, kusini-magharibi mwa Uingereza, ilipokewa Newfoundland ng'ambo ya Atlantiki. Kilichokuwa kikiuzwa wakati huo ni telegrafu isiyo na waya, ile ambayo kwetu ilikuja kuitwa simu ya upepo. Wateja wake walikuwa meli, majeshi na mashirika ya habari, na wote walitaka kitu kimoja: ujumbe utoke kwa fulani umfikie fulani, asiusikie mwingine.

Mawimbi hayakukubali. Yalikwenda kila upande, na mwenye chombo aliweza kuyadaka. Marconi alisajili mwaka 1900 hataza maarufu namba 7777 ya kupatanisha mitambo kwenye wimbi moja, akajigamba kwamba mawasiliano yake sasa ni ya siri. Juni 1903 John Ambrose Fleming, mshauri wa kisayansi wa Marconi, aliandaa maonyesho katika Royal Institution jijini London kuthibitisha hayo. Kabla ujumbe wa Marconi haujafika, chombo kilianza kupokea kejeli kwa alama za Morse. Zilitumwa kutoka jirani na Nevil Maskelyne, mwanamazingaombwe aliyekuwa mpinzani wa Marconi. Fleming aliandika gazetini kwa hasira. Maskelyne akajibu kwamba yeye amewaonyesha tu watu ukweli.

Kwa karibu miaka 20, basi, kutawanyika kwa mawimbi kulikuwa tatizo la kihandisi. Waliokugeuza kuwa faida walikuwa wachache waliojiuliza swali la kinyume: ikiwa kila mtu anaweza kusikia, kwa nini tusiwatumie wote? Hanso Idzerda alianza vipindi vya muziki The Hague, Uholanzi, mwaka 1919. Juni 1920 mwimbaji Nellie Melba aliimba mbele ya kipaza sauti katika kiwanda cha Marconi huko Chelmsford. Tarehe 2 Novemba 1920 kituo cha KDKA cha Pittsburgh, kilichotokana na majaribio ya Frank Conrad, fundi wa Westinghouse, kilisoma matokeo ya uchaguzi wa rais wa Marekani. Maneno ya zamani hayakutosha. "Telegrafu" ilidai mpokeaji mwenye jina. Kilichotakiwa ni neno la kutoa kwa wote bila kujua ni akina nani, na wakulima walikuwa nalo tayari.

Mpanzi kwenye ukumbi wa BBC

British Broadcasting Company (BBC) iliundwa Oktoba 1922 na kuanza matangazo Novemba 14 mwaka huohuo. Tarehe 1 Januari 1927 ikawa shirika la umma. Waanzilishi wake waliujua vizuri mzizi wa jina lao. Jengo lao kuu la London, lililofunguliwa mwaka 1932, lina sanamu ya mpanzi iliyochongwa na Eric Gill katika ukumbi wa kuingilia, na maandishi ya Kilatini yanayoomba kwamba mbegu njema ilete mavuno mema. Mkurugenzi wao, John Reith, mwana wa mchungaji wa Kiskoti, aliamini kwamba kazi ya redio ni kupanda kilicho bora, hata kama msikilizaji hajakiomba.

Pamoja na picha yake, neno lilibeba tatizo la kiuchumi. Anayeuza gunia la mbegu anamjua mnunuzi. Anayetawanya hewani atamtoza nani? Uingereza ilijibu kwa leseni ya shilingi 10 kwa mwaka kwa kila mwenye chombo cha kupokelea. Marekani ilijibu kwa tangazo la biashara: Agosti 1922 kituo cha WEAF cha New York kilirusha maelezo ya kulipiwa ya kampuni iliyouza nyumba za ghorofa. Majibu hayo mawili yaliumba redio za aina mbili, na karibu kila nchi iliyofuata ilichagua moja au kuyachanganya.

Lilibeba pia tatizo la sarufi. Je, wakati uliopita ni "broadcast" au "broadcasted"? Waliotaka lifuate "cast", ambalo halibadiliki, walibishana na waliosema kwamba kitenzi hiki ni kipya na kifuate kanuni. Magazeti ya miaka ya 1920 yalilijadili, na walioshinda katika matumizi ni wa kundi la kwanza. Ushindi wao ni ushahidi kwamba sikio la Kiingereza lilikuwa bado linasikia "kutupa" ndani ya neno hilo.

Lugha nyingine zilichagua nini

Uchaguzi wa Kiingereza haukuwa wa lazima. Wajerumani waliuita utangazaji huo huo "Rundfunk", cheche za kuzunguka pande zote, kwa sababu mitambo ya mwanzo ilizalisha mawimbi kwa cheche za umeme. Wafaransa walichukua "diffusion", kutoka kitenzi cha Kilatini cha kumimina. Mmoja akaona moto, mwingine maji.

Kiarabu kilichagua kwa namna tofauti kabisa. "Idhaa", neno tulilolikopa, linatoka katika kitenzi cha habari kuenea na kujulikana, na mwenye kufanya hivyo ni mwenye kuifichua. Hapa hakuna mkono wala mbegu. Kinachotajwa ni matokeo: jambo lilikuwa halijulikani, sasa linajulikana.

Kiswahili kilikuwa na neno la namna hiyohiyo. Kutangaa ni kuenea na kujulikana. Kutangaza ni kufanya jambo litangae. Kitenzi hiki hakikungoja umeme. La mgambo likilia kuna jambo, na mpiga mbiu alikuwa akitangaza karne nyingi kabla ya mlingoti wa kwanza. Ndiyo sababu tangazo la Kiswahili linaweza kuwa la redioni, la ukutani, la msikitini au la biashara, wakati Kiingereza kina neno tofauti kwa kila moja. Idhaa zilipoanzishwa Afrika Mashariki, jina lililopendwa lilikuwa "Sauti": Sauti ya Unguja, Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1951, na baadaye Sauti ya Kenya. Sauti ni ya mtu, na mtu hujulikana anakotoka. Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza Juni 1957 ilikuwa ya shirika lenye jina la mbegu, lakini wasikilizaji walimjua mtangazaji.

Hata hivyo siku hizi kitenzi kingine kimeingia: redio "inarusha" matangazo, mechi "inarushwa" mubashara. Mkono umerudi. Kutangaza kumebaki kazi ya mtu mwenye habari, kurusha kumekuwa kazi ya mtambo, na mgawanyo huo Kiingereza hakina, kwani "broadcaster" ni mtu na ni kampuni pia.

Wakosoaji wa kutawanya

Lawama ya Tull ilihamia hewani pamoja na neno. Mwaka 1932 Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, aliandika kwamba redio imekuwa chombo cha kugawa tu, ambapo kila mmoja anasikia na hakuna anayejibu. Alitaka igeuzwe chombo cha mawasiliano, msikilizaji naye aseme. Hofu yake haikuwa ya nadharia, kwa maana mwaka uliofuata chama cha Nazi kilitwaa mitambo yote ya nchi hiyo.

John Durham Peters, mwanahistoria wa mawasiliano wa Marekani, aliitetea kambi ya kutawanya katika kitabu chake cha mwaka 1999. Aliwaweka uso kwa uso Sokrate na Yesu. Katika "Phaedrus" ya Plato, mkulima mwenye akili huweka mbegu zake katika udongo unaofaa, na mwalimu wa kweli humchagua mwanafunzi na kuzungumza naye ana kwa ana. Katika mfano wa mpanzi, mbegu hurushwa kwa wote, na kuota ni juu ya udongo. Peters anaona katika kutawanya aina ya haki: hakuna anayebaguliwa, na hakuna anayelazimishwa kujibu. Mazungumzo, ambayo tumezoea kuyasifu, yanaweza kuwa na ukandamizaji wake.

Tukiyaweka maoni haya mawili kwenye historia yetu, yote yanapata ushahidi. Matangazo ya redio yaliyoanza Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1920 yalikuwa ya walowezi. Mawimbi yalimfikia kila mtu, lakini lugha na bei ya chombo vilichagua wasikilizaji. Kutawanya peke yake hakuhakikishi upana. Kwa upande mwingine, wasikilizaji wa Kiswahili walipopata redio ya lugha yao hawakukubali kuwa udongo uliolala. Vipindi vya salamu viliwapa kadi za kununua, nao wakaziandika kwa majina: salamu ziwafikie fulani wa Tabora, fulani wa Kigoma. Matangazo ya vifo yalifanya kazi nzito zaidi. Yalitaja marehemu, siku na mahali pa maziko, kisha orodha ya ndugu, popote walipo. Familia isiyojua kaka amehamia mji gani haikuhitaji anwani yake. Ilihitaji habari iende kila mahali, ili imfikie mmoja. Brecht alitaka mtambo ubadilishwe. Hawa waliuacha ulivyo, wakautumia kupigana hodi.

"Broad" inapodondoka

Baada ya redio, nusu ya pili ya neno iligeuka kiambishi chenye uzao mkubwa: "newscast" kwa taarifa ya habari, "simulcast" kwa kurusha katika vituo viwili kwa pamoja. ("Forecast", utabiri, si mtoto wa familia hii, ni la zamani kuliko redio na linatokana na maana nyingine ya "cast", kupiga hesabu.) Mwaka 1967 J. C. R. Licklider, mmoja wa waasisi wa fikra za mitandao ya kompyuta, alizungumzia "narrowcasting", kurusha kwa wembamba, kwa makundi madogo yenye mahitaji yao. Februari 2004 Ben Hammersley aliandika "podcasting" katika gazeti la The Guardian. Katika yote haya kilichobaki ni kutupa. Upana umeondoka.

Kuondoka kwake kunalingana na mabadiliko ya mambo yenyewe. Mtangazaji wa biashara wa leo hahitaji kutawanya. Mtandao unamjua mwenye ujauzito, mwenye deni na mwenye kutafuta kiwanja, na mbegu inadondoshwa kwenye shimo lake. Ni mashine ya Tull, na hesabu ni zile zile: upotevu umepungua, mavuno yameongezeka. Hata neno lenyewe linatumiwa kwa kujificha. Orodha ya "broadcast" ya WhatsApp hupeleka ujumbe mmoja kwa watu hadi 256, na kila mmoja hupokea kana kwamba ameandikiwa peke yake. Kinachotawanywa kimevaa sura ya barua.

Faida za kulenga ni za kweli, na mkulima anayehesabu mbegu zake hana kosa. Lakini zipo kazi ambazo kulenga hakuziwezi, na zinaonekana wazi zaidi wakati wa maafa. Nchi nyingi sasa hutoa tahadhari za tetemeko, kimbunga au mafuriko kwa mbinu inayoitwa "cell broadcast". Mnara hauzitafuti namba za simu wala hauhitaji kuzijua. Unarusha onyo mara moja kwa kila simu iliyo ndani ya eneo lake, iwe ya mkazi, ya mgeni aliyeshuka basi jana, au iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Meseji za kawaida zingelazimika kupangwa foleni, namba baada ya namba, na zingemkosa kila asiyekuwa kwenye orodha. Wahandisi waliokuwa na teknolojia sahihi kuliko zote za kumlenga mtu mmoja walipotakiwa kuokoa maisha walirudi kwenye kutawanya, wakaliita kwa jina lake la zamani.

Hapo ndipo maana ya neno hili ilipo, tangu kiganja cha mpanzi hadi mnara wa simu. Kulenga ni bora pale mtoaji anapojua ni nani anahitaji. Asipojua, au asipokuwa na haki ya kuamua, kurusha kwa upana ndiyo njia pekee ya haki, na ule upotevu ambao Tull aliupigia hesabu ndiyo gharama yake. Jamii inayofunga redio zake za umma kwa sababu kila mtu ana simu yake inapaswa kuijua gharama hiyo kabla ya kuifuta, kwa kuwa atakayeokolewa nayo ni yule ambaye hayumo katika orodha ya mtu yeyote.